Mana Isiyohesabika, Mkono Mtupu: Kisa cha Deki ya Kijani na Buluu Mombasa

Deki yenyewe, ya mchezo wa kadi uitwao Magic, ilikuwa na kadi 60, zote halali, zote za bei ya chini, na vipande viwili vya kombo, yaani kadi mbili zinazoshinda zikikutana, vimo kwa idadi ya juu inayoruhusiwa, nne nne. Ukiisoma kwenye karatasi huoni kasoro. Mezani ikawa inafungwa mchezo baada ya mchezo, na mwenye deki, mpwa wangu wa Tudor, alikuwa na maelezo mamoja tu: "Mjomba, hii ni deki ya maskini, ndiyo maana."

Niliipitia kadi kwa kadi, na sikukubaliana naye. Pesa aliyotumia ilitosha. Aliinunua kombo akasahau kununua njia za kuifikia, na njia hizo ni rahisi kama vipande vyenyewe.

Kwa asiyeujua mchezo: Magic: The Gathering ulitolewa mwaka 1993, mbunifu wake Richard Garfield. Kila mchezaji anakuja na deki yake, anaanza na uhai 20, anatumia kadi za ardhi kupata mana, na mana ndiyo inayolipia viumbe na uchawi. Kuna rangi tano. Kadi hutolewa kwa viwango, kuanzia za kawaida hadi za adimu sana, na za adimu ndizo zinazokausha mifuko ya watu. Lakini kuna mtindo wa kucheza uitwao Pauper ambao hauruhusu ila kadi zilizowahi kuchapishwa kama za kawaida. Ulitambuliwa rasmi kwa kadi za mkononi mwaka 2019. Kwa sisi tulioko Mombasa, ambako kadi hufika kwenye sanduku la jamaa anayerudi likizo, Pauper ndio mtindo unaoeleweka.

Bajeti yake ilikuwa shilingi elfu tatu na mia tano, na aliyemletea ni shangazi yake aliyekuwa anakuja kutoka Uingereza. Hapo tayari alikuwa ameokoa pesa, maana ukiagiza kadi 60 za bei ya senti kwa posta, nauli ya bahasha inaweza kupita bei ya kilichomo ndani.

Kwa deki ya kwanza ningemshauri achukue nyekundu tupu, deki ya kukimbia na kupiga, isiyotaka hesabu. Hakutaka. Alishaiona kombo hii ikichezwa na moyo ukaganda hapo. Sikumlaumu, mtu akicheza asichokipenda huacha baada ya mwezi.

Kombo yenyewe ni hii. Axebane Guardian ni kiumbe cha kijani cha mana tatu, nguvu 0, ugumu 3, chenye sifa ya ulinzi, maana yake hakishambulii kamwe. Ukikilaza, yaani ukiigeuza kadi ubavu kuonyesha imetumika, kinatoa mana ya rangi yoyote, kwa idadi ya viumbe wako wote wenye sifa hiyo ya ulinzi. Viumbe hao wachezaji huwaita kuta. Freed from the Real ni aura ya buluu, nayo mana tatu, unayoivisha kiumbe. Ukilipa mana moja ya buluu, kiumbe aliyelala anaamka.

Viweke pamoja. Una Guardian na ukuta mwingine mmoja. Unalaza Guardian, unapata mana mbili, mojawapo buluu. Ile buluu unaitoa kumwamsha, unabaki na moja. Unamlaza tena. Kila mzunguko unakuachia mana moja, na hakuna kinachokuzuia kuendelea. Ukiwa na kuta tatu, Guardian mwenyewe akiwemo, kila mzunguko unakuachia mbili. Guardian akiwa peke yake anajilipia tu na hupati faida yoyote, jambo ambalo mpwa wangu alilijua vizuri. Hakujua mengine.

Kosa la kwanza lilionekana nilipomtazama akicheza. Alikuwa na Overgrown Battlement nne, ukuta wa mana mbili unaotoa mana kwa kuhesabu kuta vilevile kama Guardian. Akaichukulia kuwa Guardian wa pili, hivyo akijiona ana vipande vinane vya injini badala ya vinne. Akawa anaivisha Freed kwa furaha. Lakini Battlement hutoa mana ya kijani peke yake, na Freed hudai buluu. Akilaza Battlement yenye kuta nne anapata kijani nne, na hakuna hata moja itakayoiamsha. Analazimika kutumia visiwa vyake, yaani ardhi za buluu, kisiwa kimoja kwa kila kuamsha, na visiwa vikiisha mambo yameisha. Ni faida, ila ni faida yenye mwisho, na kombo iliyotegemea visiwa vitatu haimuui mtu. Battlement ni kadi nzuri sana kwenye deki hii, lakini kazi yake ni kumlipia Guardian na kuongeza hesabu ya kuta.

Kosa la pili ndilo kubwa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndilo linaloua deki nyingi za kombo zinazojengwa kwa pesa ndogo.

Chukua deki ya kadi 60 yenye nakala nne za kadi unayoitaka. Unaanza na kadi saba mkononi. Ukianza wewe, huvuti kadi zamu ya kwanza, kwa hivyo kufika zamu ya nne umeona kadi 10. Uwezekano wa kuwa umeona angalau nakala moja ni takriban asilimia 53. Mpwa wangu alisikia hapo akaridhika, kama sarafu ya shilingi ukiirusha, na zaidi kidogo. Lakini yeye hakuhitaji kipande kimoja. Alihitaji Guardian na Freed kwa pamoja, na hesabu ya kuviona vyote viwili ndani ya kadi hizo 10 inashuka hadi takriban asilimia 27. Karibu michezo mitatu katika kila minne inafika zamu ya nne bila kombo. Hapo bado hatujamhesabia adui anayeua viumbe, wala mkono wenye ardhi moja.

Na zile nafasi zilizobaki alizijaza nini? Majitu ya kijani ya mana sita na saba yaliyotoka kwenye boksi lake la kuanzia, kwa sababu yalikuwa tayari nyumbani na ni bure. Ndiyo gharama halisi ya kadi ya bure: inakaa mahali pa kadi ya shilingi ishirini ambayo ingekushindia.

Dawa inaitwa Drift of Phantasms. Kadi ya buluu ya mwaka 2005, kutoka Ravnica: City of Guilds, ya kawaida. Ni ukuta unaoruka, nguvu 0, ugumu 5, na kwa umbo hilo peke yake ingestahili nafasi. Lakini ina uwezo wa pili. Ukiwa nayo mkononi, zamu yako, unalipa mana tatu, mbili kati yake buluu, unaitupa makaburini (rundo la kadi zilizokwisha kutumika), kisha unapekua rundo lako na kuchukua kadi yoyote yenye gharama sawa na yake. Gharama yake ni tatu. Guardian ni tatu. Freed ni tatu. Yaani Drift moja ni kipande chochote unachokikosa. Na kwa kuwa huo ni uwezo wa kadi, si uchawi uliochezwa, mtu wa buluu mwenye Counterspell, kadi ya kuzuia uchawi, mkononi anakutazama tu.

Rudia hesabu ileile ukiongeza Drift nne. Sasa kombo inakamilika ukiona Guardian na Freed, au kimoja wapo na Drift, au Drift mbili. Ndani ya kadi 10, asilimia 27 inapanda hadi takriban 58. Kadi nne za bei ya peremende zimeongeza uwezekano zaidi ya maradufu. Sijui uboreshaji mwingine kwenye deki hii unaoukaribia huo, hata ukinipa bajeti mara kumi.

Kuna bei yake, nisiifiche. Kutumia Drift kunakula mana tatu, na mara nyingi kunakula zamu nzima, kwa hivyo kuiona Drift zamu ya nne mara nyingi ni kushinda zamu ya tano au ya sita. Pia inataka buluu mbili kabla Guardian hajafika kukupa rangi, na deki ya mpwa wangu, iliyopangwa kama deki ya kijani yenye wageni wachache wa buluu, isingezipata. Ukiingiza Drift unabadilisha hata ardhi, la sivyo umenunua ufunguo wa mlango usiokuwa nao.

La tatu ni lile lililonipa jina la makala hii. Jumamosi moja Ganjoni, kwa rafiki yake, kombo ilikubali. Guardian, kuta nne, Freed imevaliwa, adui hana la kufanya. Mpwa wangu akaanza kulaza na kuamsha, kulaza na kuamsha, anahesabu kwa sauti, hadi wenzake wakamwambia basi, tumeelewa. Kanuni zinaruhusu uonyeshe mzunguko mara moja kisha utaje idadi unayoitaka. Si lazima muamshane hadi magharibi. Akataja milioni. Wakamuuliza, haya, unaitumia wapi? Akatazama mkono wake. Ardhi mbili na jitu moja.

"Wallahi mjomba, mana ninazo hazihesabiki, pa kuzipeleka sina."

Mana haiwekwi akiba. Sehemu ya zamu ikiisha, mana yote isiyotumika inatoweka. Akaliweka jitu lake, akapitisha zamu, na mpinzani akamuua Guardian.

Kadi ya kumalizia ya deki hii ni Valakut Invoker, kiumbe chekundu cha mana tatu: kila ukilipa mana nane, inampiga mtu au kiumbe unayemtaka madhara matatu. Uhai 20 unataka mapigo saba, mana 56, na tatu za kuiweka mezani, jumla 59. Kiumbe mgeni halazwi kutumia uwezo wake zamu aliyoingia, lakini hii haihitaji kulala, kwa hivyo inafanya kazi papo hapo ilipoingia. Ni nyekundu, lakini huhitaji ardhi hata moja nyekundu, kwa sababu Guardian hutoa rangi yoyote; deki inabaki ya rangi mbili. Mpwa wangu alikuwa nayo moja, katika kadi 60, na hana njia ya kuitafuta. Gharama yake nayo ni tatu. Drift inaifuata hata hiyo. Mwenye mana isiyohesabika na Drift moja mkononi ameshashinda, na hili ndilo lililomfanya akae kimya muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona.

Kabla ya kununua chochote nilimtuma saiba moja pale Buxton akachapishe kadi mpya kwa karatasi nyeusi na nyeupe. Kadi ya Magic ina milimita 63 kwa 88, karibu sawa na karata za kawaida, kwa hivyo unakata karatasi, unaitia kwenye mfuko wa plastiki mbele ya karata ya zamani, na unacheza. Mashindano rasmi hayakubali kadi za namna hiyo, na ni haki yao. Kwa mazoezi ya nyumbani ni jambo la busara kuliko yote mtu mwenye pesa kidogo anaweza kulifanya, na nashangaa kila ninapomwona kijana analipia kadi ambayo hajawahi kuishika mezani hata kwa karatasi. Katika mazoezi hayo mpwa wangu alifuta kadi kadhaa alizokuwa ameziapia.

Orodha iliyobaki baada ya kufuta na kurudisha ni hii. Nne nne: Axebane Guardian, Overgrown Battlement, Drift of Phantasms na Freed from the Real. Nne za Wall of Roots, ukuta wa mana mbili unaotoa kijani mara moja kila zamu bila kulala, kwa kujipunguzia ugumu. Unatoa hata zamu uliyoingia. Nne za Saruli Caretaker, ukuta wa mana moja unaotoa rangi yoyote ukimlaza pamoja na kiumbe mwingine, na huyo mwingine anaweza kuwa ameingia sasa hivi. Caretaker ndiye anayekupa ile buluu ya pili ya Drift, na kwa sababu hiyo ningemtoa wa mwisho. Crashing Drawbridge tatu: ikilala, viumbe wako wote wanaweza kutumika zamu waliyoingia, ila yenyewe lazima iwe imeshakaa zamu moja mezani. Invoker mbili.

Kisha kadi za kuvuta. Winding Way nne, Lead the Stampede nne. Ya kwanza inafunua kadi nne za juu, ya pili inatazama tano, zote zinakupa viumbe waliomo. Deki ina viumbe 25 kati ya kadi 60, kwa hivyo Lead the Stampede hukupa wastani wa wawili. Tofauti yao ni ndogo lakini inauma: ukitaja viumbe kwa Winding Way na Freed ikawa katikati ya zile nne, Freed inakwenda makaburini na haina wa kuirudisha. Lead huzipeleka kadi zisizotakiwa chini ya rundo. Ukiwa na Guardian mezani na unaisubiri Freed, tumia Lead, iache Winding Way mkononi.

Nne za Vines of Vastwood, nitazieleza sasa hivi. Na ardhi 19: Forest tisa za kijani, Island (visiwa) sita za buluu, Thornwood Falls nne, ile inayotoa rangi zote mbili na kukupa uhai mmoja ikiingia, japokuwa inaingia imelala. Buluu zinakuwa 10, kijani 13. Kijani inahitajika zamu ya kwanza, buluu inaweza kusubiri hadi ya tatu, ndiyo maana hazikulingana.

Majitu yote yalirudi kwenye boksi. Shangazi aliposhuka uwanja wa ndege wa Moi alikuwa na bahasha moja, na chenji ilirudi kwa M-Pesa jioni ileile. Mifuko ya plastiki kwa kadi zote ilitokana na chenji hiyo. Hewa ya hapa kwetu ina unyevu mwingi, na kadi za kung'aa ndizo zinazojikunja vibaya zaidi. Nilimwambia asinunue hata moja, hata ikiwa bei ni ileile, kwa sababu kadi iliyojikunja inatambulika ndani ya rundo na huo ni udanganyifu hata usipokusudia. Vile vipakiti vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, tia viwili ndani ya boksi la kadi.

Mchezo uliofaa kuandikwa ni ule dhidi ya deki nyekundu, kwa sababu nyekundu ina Lightning Bolt: mana moja, madhara matatu. Guardian ana ugumu 3 kamili. Battlement ina 4, Wall of Roots na Drift zinaanza na 5, na mtu wa nyekundu mwenye akili hazigusi hizo, anamsubiri Guardian. Wakati wake mzuri ni pale unapocheza Freed ukimlenga Guardian. Akimuua kabla aura haijatua, umepoteza kadi mbili kwa moja yake, maana aura isiyo na wa kumvalia inakwenda makaburini.

Zamu ya nne mpwa wangu alikuwa na kila kitu: Guardian ameshakaa zamu moja, kuta mbili ubavuni, Freed mkononi. Mpinzani alikuwa na mlima mmoja, ardhi ya nyekundu, umesimama bila kulazwa. Kwa deki ya zamani angeicheza Freed bila kufikiri. Safari hii aliweka Drift mezani kama ukuta, akapitisha. Alipigwa, uhai ukashuka hadi 9, na nikamwona kijana wa upande wa pili anatabasamu. Zamu ya tano akavuta ardhi, akalipia Freed, akabakisha Forest moja. Bolt ikaja. Akajibu kwa Vines of Vastwood kwa Guardian: mana moja ya kijani, na kwa zamu hiyo hakuna kadi ya mpinzani inayoweza kumlenga. Bolt ikakosa pa kutua. Freed ni yake mwenyewe, ikatua. Invoker ilikuwa mkononi tangu mwanzo. Akaonyesha mzunguko mara moja, akataja idadi, na wakaanza kukusanya kadi.

Bolt ingeweza kuja baadaye pia, katikati ya mizunguko. Kulaza kwa ajili ya mana hakujibiwi, lakini kuamsha kunajibiwa. Guardian akifa hapo mzunguko unakatika, ila mana iliyokwisha kutoka inabaki hadi sehemu ile ya zamu iishe. Kwa hivyo ukiwa na Invoker mezani tayari, piga kila unapofikisha nane, usingoje ukusanye zote 56. Ni polepole, na wenzako watalalamika, lakini dhidi ya nyekundu walalamike.

Bado deki haipendi buluu. Mtu mwenye Counterspell nne anaizuia Freed, na Freed zikiwa nne tu huna nyingi za kupoteza. Katika kadi 15 za akiba nimempendekezea Dispel, inayozuia uchawi wa papo hapo kwa mana moja, na Counterspell ni ya papo hapo. Yeye anataka kuongeza Invoker ya tatu badala yake. Hilo bado tunabishana, na shangazi anarudi Desemba.